Betri ya Gari la Mtemi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na Kiingereza cha kuazima na maringo yangu mwenyewe, na nilidhani karakana ya serikali pale Shinyanga ilikuwa ikinisubiri ofisini. Fundi Mkuu, Kalasinga mmoja mwenye ndevu zilizofungwa vizuri, alinitazama juu mpaka chini, akaninyooshea kidole kibanda cha mabati kilichokuwa nyuma, ambacho milango yake haikufungwa mchana kutwa.

"Chumba cha betri kile," akasema. "Vua shati."

Nikamwambia nitajihadhari. Hakubishana nami. Jioni nilitoka na shati langu jeupe vilevile, nikampita kwa madaha. Jumapili mama alipolifua, likambakia mikononi vipande vipande, kola tu ikiwa nzima. Asidi ya betri haina haraka na nguo, inangoja ifuliwe. Jumatatu nilifika nimevaa gunia la sukari lililotobolewa shingo, na Fundi Mkuu akasema, "Sasa tuanze kazi."

Ninyi vijana wa leo mnanunua betri imezibwa kama kopo la samaki, ikifa mnanunua nyingine. Betri zetu za miaka ile baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na afya na maradhi, na sisi tuliziuguza. Ilikuwa boksi jeusi la mpira mgumu, ndani limegawanywa vyumba, na kila chumba kina mabamba ya madini ya risasi yaliyosimama ndani ya maji yenye asidi. Juu ya kila chumba kuna kizibo chake. Asubuhi unafungua vizibo, unachungulia. Maji yakishuka hadi mabamba yakaonekana vichwa, unaongeza, lakini si maji ya kisima, maana ya kwetu yana chumvi ya kutosha kuua betri na mwenye betri. Tulikinga ya mvua katika mabakuli ya kauri, katikati ya uwanja, mbali na mapaa ya bati, tena baada ya mvua kuosha kwanza vumbi la angani.

Kisha unaipima. Kipimo chetu kilikuwa bomba la kioo lenye boya dogo ndani. Unavuta maji ya betri, unatazama boya. Likielea juu, betri imeshiba. Likizama, ina njaa. Betri yenye njaa tuliirudishia umeme polepole, na nilipotaka kuharakisha ili niwahi kwenda kutazama ngoma, Fundi Mkuu alinishika mkono.

"Mgonjwa unampa uji," akasema. "Unampa nyama unazika."

Alikuwa na maneno yake mengi ya namna hiyo. Siku aliyonifundisha kuchanganya asidi aliweka maji chomboni kwanza, akaimimina asidi juu yake kidogo kidogo. Ukigeuza, ukamwaga maji juu ya asidi, inachemka ghafla na kukurukia usoni. "Maji ndiye mwenye nyumba," akaniambia. "Asidi mgeni. Mgeni anaingia kwa hodi." Mpaka leo siwezi kumsikia mtu akipiga hodi bila kukumbuka harufu ya chumba kile.

Baada ya muda nikaenda mgodini, upande wa Geita, kwenye dhahabu. Tulivuka ziwa kwa pantoni, na mimi, mtoto wa nyika, nilitapika tangu ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Huko niliwekwa chumba cha taa. Kila mchimbaji alishuka shimoni na taa kichwani na betri yake ndogo kiunoni, na alipopanda aliirudisha kwetu ili tuichaji. Mkuu wa Chumba cha Taa alikuwa Mnyasa mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na mchezo, kwa sababu taa ikikuzimikia chini kule hujui mbele ni njia au ni shimo.

Basi wachimbaji walikuwa na imani yao. Mwenzao akienda likizo, taa yake ikakaa kwenye rafu wiki kadhaa, waliigombea. "Fundi, nipe ile iliyopumzika!" Wengi walikuwa wafugaji, Wasukuma wenzangu, na walijua maksai aliyepumzika anavyovuta plau. Nilikaribia kuwapa, maana hata mimi niliona wana hoja.

"Ng'ombe akipumzika ananenepa," Mkuu wa Chumba cha Taa akaniambia. "Betri ikipumzika inakonda."

Alinifungulia moja ya zile zilizolala sana. Mabamba yalikuwa yameota ukoko mweupe. Akanieleza kwamba betri hujila yenyewe polepole hata pasipo mtu kuigusa, na ikikaa na njaa, ukoko ule unakomaa mpaka umeme haupiti tena. Tangu siku hiyo tulizizungusha taa zote, ya mwenye likizo na ya mwenye zamu, ili kila moja ifanye kazi na kila moja ilishwe. Hilo ndilo somo lililonilisha maisha yangu yote.

Niliporudi Shinyanga nilikuwa fundi betri kamili, na Msimamizi wa Karakana, Mwingereza mwekundu aliyezoea kusema "haraka" hata anapoagiza chai, akanipa gari la mtemi mmoja wa wilaya yetu. Jina la mtemi huyo nitalihifadhi, ana wajukuu. Lilikuwa gari jeusi, refu, zuri ajabu, na halikutembea. Petroli ilikuwa shida, masika barabara zilikuwa ziwa, na mtemi mwenyewe alipenda baiskeli yake. Gari lilikaa ikulu kwake chini ya kibanda cha nyasi, likitolewa siku za baraza tu. Na kila lilipotolewa, betri ilikuwa imekufa.

Dereva wake aliitwa Salumu, mtu wa Tabora, mtanashati, kofia yake haikupata kuinama upande. Alikuja kwangu na betri nyuma ya baiskeli, na ile kofia ameishika mkononi. Nikajua pana jambo.

"Mdogo wangu," akasema, "nimekwisha."

Akanisimulia. Mtemi alikuwa amekwenda kumuaga Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, aliyekuwa akihama. Wakati wa kuondoka gari likagoma. Hendeli ya kuwashia injini ilizungushwa mpaka watu wakaishiwa pumzi, bure, maana betri iliyokufa kabisa haina hata cheche ya kuwashia petroli. Wakaitwa wafungwa wawili waliokuwa wakifyeka majani hapo, wakasukuma. Wote wawili mtemi mwenyewe ndiye aliyewahukumu, kwa wizi wa ng'ombe, na walisukuma kwa furaha kubwa, wakiimba.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Salumu hakucheka.

"Ameniambia nikimsukumisha tena, niache ufunguo na niache shamba," akasema. "Fundi, lile shamba la mpunga nimepewa kwa ajili ya kazi. Mama Hadija na watoto wanakula hapo. Mimi hapa sina ukoo wala kaburi la babu. Nikiondolewa, nitakwenda kwa nani? Tabora waliobaki hawanijui."

Kicheko kikaniisha. Na baraza la watemi wote lilikuwa linakuja.

Niliichaji betri ile kwa uji, siyo kwa nyama. Nikaiacha mezani siku kadhaa, haikushuka, ilikuwa nzima. Nikaenda nayo ikulu, nikalipima gari. Dainamo, yaani kile kinachoirudishia betri umeme gari linapotembea, kilikuwa kizima. Nikaondoa waya unaoifunga betri na mwili wa gari, nikaugusisha tena taratibu huku kila kitu kimezimwa. Kama kuna mahali umeme unavuja, utaona cheche ndogo. Sikuona kitu. Nikawauliza wazee wa ikulu, wale tunaowaita banamhala, kama kuna mtu anayeligusa gari dereva akiwa kwake senta, kule madukani.

"Hakuna," wakasema. "Ufunguo anao Salumu. Gari hulala tu."

Jioni mto ulijaa, sikuweza kurudi, wakanipa mahali pa kulala. Alfajiri nikashtushwa na honi. Ilikuwa honi ndefu, ikatulia, ikalia tena. Nikatoka mbio na shuka langu. Chini ya kibanda, taa kubwa zote mbili zilikuwa zinawaka zikimulika zizi la ng'ombe, na nyuma ya usukani, amejinyoosha kama bwana harusi, alikuwa Mzee Luhende, mpiga ngoma wa mtemi. Magari yale honi na taa zake havikuhitaji ufunguo.

"Mwangaluka, fundi," akanisalimu kwa Kisukuma, mkono ungali juu ya honi.

"Shikamoo, mzee. Unafanya nini?"

"Marahaba. Naamsha nchi." Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni. Ngoma ya mtemi hulia kila alfajiri ili watu wajue mtemi ameamka salama. Sasa mtemi amepata gari. Ng'ombe wanamwamkia, jogoo anamwamkia, gari lisimwamkie? Banamhala walikaa wakaona halitakuwa na adabu. "Na macho yake nayawasha mpaka jua litoke," akasema, "maana huwezi kumwamkia mkubwa umefumba macho."

Hawakunidanganya jana yake. Machoni pao hakuna aliyeligusa gari. Gari lilikuwa linatimiza heshima yake, basi.

Salumu alipofika na kusikia, alikaa chini kwenye tope na suruali yake iliyopigwa pasi. Sababu ilikuwa imepatikana, lakini nani angekwenda kumwambia mtemi kwamba salamu yake ndiyo inayoiua betri? Msimamizi wangu angesema, "Waambie waache, haraka." Lakini yeye alikuwa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa nimepiga goti mbele ya kiti cha mtemi, nikapiga makofi ya heshima, nikaeleza.

Mtemi alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "karakana ya serikali imekutuma uninyamazishie ngoma yangu."

Banamhala wote wakanigeukia.

"Mtemi wangu," nikasema, "naomba kuuliza. Kijana akitaka kumwamkia mkubwa, anamwamkia akiwa amelala kitandani?"

"Hana adabu huyo. Ataamka, aje."

"Hili gari linakuamkia limelala, kila siku. Ndiyo maana linakosa nguvu. Liamke kwanza, litembee, liwafikie watu wako mpaka mpakani, ndipo lipige honi. Betri inakula likitembea. Likilala inakufa njaa."

Mtemi akawatazama wazee wake, nao wakatazamana. Kisha Mzee Luhende akauliza swali moja tu, na nikajua tumeshinda.

"Na mimi nitakaa wapi?"

Likaamuliwa hivyo. Kila siku ya mnada, Salumu aliliwasha asubuhi, akaenda nalo hadi mwisho wa nchi ya mtemi na kurudi, Mzee Luhende kando yake akinyoosha mkono kwenye usukani kupiga honi kila walipopita kaya. Waligombana njia nzima. "Huyu mzee atanitia mtaroni," Salumu alilalamika, na mzee alisema dereva ana wivu. Siku nyingine zote ngoma ilirudi kazini, na Salumu aliufungua ule waya wa betri, akavipaka vichwa vyake grisi, gari likalala pasipo honi wala taa kuila betri.

Siku ya baraza la watemi nilijipa kazi ya uongo pale uwanjani ili niwepo. Lilipokwisha, watemi wakaingia magarini, umati umejipanga. Salumu alijifuta viganja kwenye suruali, akaingia, akabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja. Gari likanguruma. Mtemi hakugeuza hata shingo, kana kwamba halijawahi kufanya vinginevyo, wakaondoka.

Jioni Salumu akaja kwangu mbio, kofia imekaa upande. Alisema walipofika mbugani, mtemi aliamuru gari lisimame kando ya lile shamba la mpunga. Akalitazama, akasema, "Mwaka huu panda michungwa hapo pembeni." Kisha akaamuru waendelee.

Kwetu mtu aliyeazimwa shamba hapandi mti. Analima, anavuna, anaondoka. Mti ni wa mwenye ardhi. Salumu alikuwa ameishi nasi muda wa kutosha kulijua hilo. "Kaniambia michungwa, fundi," akawa anarudia, huku analia na kucheka, nami nikamwambia, "Wabeja, ndivyo tunavyoshukuru huku, ujifunze kabisa." Nililia pia, sioni aibu.

Niliendelea na kazi mpaka mikono ikaanza kutetemeka, na fundi betri anayetetemeka apumzike. Utemi ulikwisha, gari lile likageuka nyumba ya kuku. Vijana wenye magari yanayolala uani huja kuniuliza, nami huwaambia yaleyale: litembeze mpaka lipate joto, siyo kuliwasha dakika mbili na kulizima, hiyo ni kulipa harufu ya chakula. Usipoweza, fungua waya, safisha vichwa kwa maji ya magadi bila kuyaingiza kwenye vizibo, vikikauka vipake grisi, ilishe polepole kila mwezi. Na muulize kila mtu nyumbani anavyolitumia likiwa limesimama. Hapo wengi hukasirika.

Msimu uliopita nilikwenda kumwona Salumu. Macho yamemfifia, lakini alinishika mkono akaniongoza mwenyewe hadi ukingo wa mbuga, akipapasa matawi moja moja. Nilipotaka kumwomba ruhusa ya kuchuma chungwa, mzee yule wa Tabora akanikatiza.

"Chuma, fundi," akasema. "Hapa ni kwetu."