Maua ya Tante

Juzi, nje ya Likasi, niliona maua ya zambarau kwenye kilima kisicho na mti, nikakumbuka harufu ya bukari, ugali wetu, niliyokataa kula utotoni.

Mchana ule tante, dada wa baba, alifungua vitabu viwili pamoja, cha mimea na cha mawe. Akawa anasoma huku, anasoma kule, anaandika kwa makaa ukutani. Kisha akapanda kilimani, akawaonyesha wachimbaji penye maua.

"Muchimbe apa."

Jiwe la kijani la shaba likatoka.

"Maua inamuambia," nilimnong'oneza mama tulipokaa kula. "Tante iko mulozi."

"Kula, mutoto," tante alisema. "Bukari itapola."

Sikula chakula cha mchawi. Leo najua ua lile hupenda udongo wa shaba.

Lakini jana binti yangu alinikuta na vitabu viwili wazi mezani. Aliniangalia, akasogeza sahani yake mbali, polepole.