Mstari Niliouongeza

Mbwa wa jirani alimng'ata mama mkono wa kulia pale kwetu Mjambere, asubuhi, akienda kupeleka sare za kwaya alizomaliza kushona. Mbwa hakuwa amefungwa. Mwenyewe ni mzee wa kanisa letu. Alikuja hospitalini mbio, akalipia sindano zote za kichaa cha mbwa, hata soda akatununulia. Nikamwona muungwana. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa kuona waungwana.

Jumapili alikuja nyumbani na mzee wa mtaa kuomba radhi. Kwetu mambo ya majirani humalizwa sebuleni. Anayekimbilia polisi huonekana mshari, na mkiwa mnasali kanisa moja, ndiyo kabisa. Mama, mkono umefungwa bendeji, aliniambia, "Mwanangu, andika kwamba nimemsamehe, yaishe."

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Mambo ya kuandika pale mtaani huletewa mimi: kadi za harusi, matangazo ya matanga, barua za kuomba kazi. Nina mwandiko mzuri, na majivuno yanayolingana nao. Niliandika kwamba mama amesamehe, kisha nikaiona barua imepwaya, haina uzito wa kiofisi. Nikaongeza kwa raha zangu: "Wala sitadai fidia yoyote, sasa wala baadaye." Mama hakuyasema maneno hayo. Mwenye mbwa hakuyaomba. Mzee wa mtaa aliisoma kimya, akasema, "Hapa mwalimu kaandika," nami nikavimba kichwa. Mama hajui kusoma, na sikumsomea. Alitia dole gumba la kushoto, tukanywa chai.

Kidonda kilifunga, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Daktari alisema kano zilikatika, na mkono unahitaji kupasuliwa. Mama alijaribu cherehani kwa mkono wa kushoto, mshono ukaenda mrama. Akaufumua, akajaribu tena, mwisho akaifunika cherehani kwa leso. Tulipomwendea mwenye mbwa atusaidie upasuaji, alisikitika kweli, kisha akatoa ile barua. "Si tulimaliza, mwalimu?"

Basi tukaenda Changamwe kwa wakili mmoja anayewasaidia wasio na uwezo. Aliisoma nakala yetu mara mbili. "Mama," aliuliza kwa upole, "haya maneno ya kutodai fidia uliyasema wewe?" Kabla mama hajajibu, akatueleza kwamba mstari ule utatuziba njia. Lakini kama mama hakuujua, kama mwandishi aliuongeza mwenyewe bila kumsomea, tunaweza kuipinga barua mbele ya hakimu, na kesi itakuwa na nguvu. "Ni nani aliyeandika?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikawawaza wazazi wa watoto ninaowafundisha, nikajiona nimesimama kortini mbele ya kanisa zima, mwalimu aliyemwandikia mamake asichokisema. Nikatazama kalenda iliyokuwa ukutani. Niliogopa, hiyo ndiyo kweli, na sina neno zuri la kuipamba.

Mama alinitazama kwa muda. Sijui kama alikuwa amekwisha kuelewa nyumbani au alielewa pale pale. Aliuingiza mkono wa kulia ndani ya leso aliyojifunga.

"Nilisema mimi," akamwambia wakili. "Huyu aliandika vile nilivyomwambia."

Wakili alingoja kidogo, akiniangalia mimi, si yeye. Akafunga faili, akasema atafikiria njia nyingine, nasi sote watatu tukajua hakuna.

Tulipotoka nje, mtandio ulimfunguka mama kichwani. Zamani angeufunga huku akitembea. Alisimama kando ya barabara, akaniinamishia kichwa. Nilimfunga fundo, nikangoja aniulize. Alisema tu, "Haya, twende, jua kali."