Mashine Isiyomeza Majina

Saa nne asubuhi, Bi Chiriku amesimama katika duka la vyombo vya muziki, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akiimba majina ya ukoo usiomhusu. Anaanza na babu wa bibi harusi, anashuka kwa mashangazi, anamalizia kwa wajomba. Mbele yake, juu ya kaunta, zimepangwa mashine tatu za kupamba sauti.

Mama huyu wa watoto wanne ni fundi cherehani, huu mwaka wa kumi na tisa. Majirani ndio waliomwita Chiriku, maana cherehani yake haijawahi kushona bila yeye kuimba. Miaka mitatu iliyopita mteja alimwomba amtungie wimbo wa mahafali ya mwanawe, na tangu hapo anarekodi nyumbani, kwa simu, katikati ya magauni aliyoyatundika ili yanyonye kelele za mtaani. Hupata nyimbo mbili kwa mwezi, pengine tatu. Wimbo mmoja humlipa sawa na kushona sare sita za shule.

Balaa lilianza wiki mbili zilizopita. Aliazima mashine kwa watu wa kwaya, akafungulia mwangwi hadi mwisho kama mtu aliyepewa sukari ya bure, akarekodi wimbo mzima wa harusi. Alipojisikiliza, machozi yalimtoka kwa raha.

Mama wa bibi harusi hakulia. Alisikiliza mara mbili, kisha akauliza marehemu baba yake, yule babu wa bibi harusi, yuko wapi humo ndani. Akaambiwa yupo, ubeti wa pili. Akasikiliza tena. Majina yote yalikuwa yamesokotana kama nguo kwenye beseni la kufulia.

Na mwangwi ukisharekodiwa pamoja na sauti, hautoki.

"Ni sawa na kukata kitambaa kabla ya kupima," anasema. "Na mimi ndiye ninayewafokea wanafunzi wangu kwa kosa hilohilo."

Amepewa hadi Ijumaa. Akishindwa, kazi inakwenda kwa mwimbaji mwingine, na ukumbi mzima wa wateja wa kesho utamsikia huyo, si yeye. Akiba yake ni jasho la sare thelathini na mbili. Inatosha mashine moja tu.

Muuza duka, kijana mwenye subira, anamsifia ile kubwa: ina vitufe arobaini, inanyoosha sauti iliyopinda, na inakutolea waitikiaji watatu ambao hawali wala hawanuni. Bi Chiriku anavaa vipokea sauti, anaimba, anaangua kicheko.

"Huyu anayeimba ni nani? Mzuri, lakini simfahamu."

"Ni wewe huyohuyo, mama, ila umepigwa pasi."

"Pasi ikizidi, mwanangu, suruali inang'aa makalioni."

Kisha anamtegea kitendawili: nikimwita ananiita, nikimtukana ananitukana. Kijana anajibu hapohapo kwamba huyo ni mwangwi.

"Basi ndiye aliyenikosanisha na mteja. Nitafutie anayejua kunyamaza."

Fundi hanunui kitambaa bila kukitoa nje akione juani, naye masikio yake mwenyewe hayaamini tena. Anamwomba mshona viatu aliyeketi kibarazani asikilize kila mashine, halafu ataje majina aliyoyashika.

Kwa mashine kubwa, mzee yule anapata mawili kati ya tisa, na la tatu analitunga mwenyewe. Kwa ya pili anapata matano. Ya tatu ni ndogo kama kopo la biskuti, ina vitufe vitatu na mwangwi mfupi. Muuza duka anaeleza kwamba hii humpa mwimbaji pambo masikioni, huku ikipeleka sauti kavu kwenye rekodi, ili mwangwi utiwe baadaye kwa kipimo. Wanatia kidogo tu, wanamchezea mzee.

Bila kuinua macho kwenye kiatu, anataja yote tisa kwa mpangilio. Kisha anauliza kama shangazi wa tatu ameolewa.

Bi Chiriku anafungua mkoba.

Alhamisi jioni, mama wa bibi harusi anasikiliza akiwa wima, kama mtu aliyekuja kukataa. Ubeti wa pili unapofika, anavuta kigoda na kuketi.

"Rudisha hapo kwa baba," anasema.

Anarudishiwa mara nne, kisha anauchukua wimbo.

Sasa Bi Chiriku anataka kipaza sauti chake mwenyewe. Anachotumia na mashine hii, badala ya simu, ameazima kwa shemeji yake, ambaye siku hizi amezidisha kuja kukijulia hali. Akishakipata, wimbo wa kwanza hautakuwa wa mteja.

"Nimeimba koo za watu miaka mitatu," anasema, akiipangusa mashine kwa kipande cha kitambaa. "Mama yangu hajawahi kusikia jina lake kwenye wimbo, na masikio yake ndiyo hayo yanamwacha. Huo nitauimba mkavu, bila mwangwi hata tone."