Kufua Nguo Zisizovaliwa

Kwetu, kwenye vilima vya Masisi, mama alikuwa na sheria moja tu ya kufua: nguo ya shamba inafuliwa na mvua, nguo ya misa inafuliwa Jumamosi. Nguo ya shamba ilikaa na udongo wake mpaka ikakauka kama ngozi, na hakuna aliyeona aibu, maana udongo ule ulikuwa wetu sote.

Nilipoolewa Goma, enzi za Zaïre, nilikuta kufua ni kazi ya namna nyingine. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao na bati, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na vumbi la mawe hayo lina makali. Likiingia kwenye nguo hula nyuzi zake. Maji tulichota ziwani na kupanda nayo kichwani. Mume wangu alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo. Alipeleka maharagwe na vitunguu mpaka Kisangani na kurudi na mafuta ya mawese. Kila aliporudi, nguo zake nililazimika kuziloweka, kumwaga maji meusi, kuziloweka tena, na bado shati likabaki na harufu ya mazuti, mafuta ya injini, kwenye kwapa na kola. Nililalamika sana. Nilidhani hakuna mwanamke Goma nzima anayesugua kama mimi.

Kisha akaondoka mwanzoni mwa masika na hakurudi.

Safari ile ilikuwa ichukue majuma machache. Mwezi ukaisha, wa pili nao ukaingia. Madereva wengine walisema njia imeharibika huko msituni, kamio nyingi zimekwama, hawajui ya nani na ya nani. Sikuwa na mtoto. Ndugu zake walikuwa Bukavu, wangu walikuwa vilimani. Usiku nililala na taa inawaka mpaka mafuta yakaisha, halafu nikajifunza kulala gizani.

Kulikuwa na mwanaume aliyekuwa akituuzia makala, yale makaa ya kupikia. Alikuwa na tabia ya kushusha gunia na kubaki amesimama mlangoni. Siku moja alisema, bila hata kunisalimia:

“Mama, unateseka peke yako. Bwana hayuko siku mingi.”

“Nani amekuambia hayuko?”

Alicheka, akanyoosha kidevu upande wa kamba yangu ya kuanikia.

“Kwa kamba yako minaona vikwembe tu.”

Aliposema vile nikageuka kuangalia. Kweli, vilikuwa vitenge vyangu, kimoja baada ya kingine, vinapepea. Uwanja mzima ulikuwa unasoma maisha yangu pale. Nilifunga mlango, nikasukuma meza nyuma yake, na kulikuwa bado mchana.

Asubuhi iliyofuata nilifungua sanduku la mume wangu. Nguo zake zilikuwa safi, nimezipiga pasi na kuzikunja mwenyewe. Nilichukua shati la bluu na suruali ya kaki, nikazitia kwenye beseni, nikazianika mbele kabisa, pale mtu anapoingia. Muuza makala alipopita, aliangalia kamba, akaniangalia.

“Bwana amerudi?”

“Amerudi. Amelala.”

Alishusha gunia na kwenda zake. Hakusimama mlangoni siku ile.

Basi nikafua tena kesho yake, na kesho kutwa. Shati la bluu, shati jeupe, suruali, soksi. Nilifua nguo za mtu ambaye sikujua kama yu hai. Na jambo nisilolitazamia likatokea: watu wakaacha kuniuliza habari zake. Kabla ya hapo mwanamke mmoja wa kanisani alikuwa akinishika mkono kila Jumapili na kuniambia, “Tunakuombea, dada.” Sasa alinipungia mkono kwa mbali tu. Nani atampa pole mwanamke ambaye suruali ya bwana wake inadondosha maji mlangoni? Uongo wangu ulimfukuza muuza makala, lakini uliwafukuza na wengine wote.

Aliyenigundua ni jirani yangu, mama mmoja mjane aliyetoka upande wa Bukavu, ambaye alikaanga mikate ya mafuta na kuiuza njiani. Tulichangia uwanja mmoja. Alikuja na kigoda chake, akakaa karibu na beseni langu, akatazama nikisugua.

“Binti yangu,” akasema polepole, “maji yako iko safi.”

Niliendelea kusugua.

“Mutu ya kamio, maji ya nguo yake haibakiake safi. Na hakuna mwanaume anafuliwa pantalo kila siku. Atavaa nini, vikwembe vyako?”

Nilitaka kucheka, nikalia. Aliniacha nilie. Kisha akachota majivu jikoni kwake, akayapaka kwenye magoti ya ile suruali na kuyasugua kwa kiganja, ili maji yachafuke.

“Pantalo, mara moja kwa juma, inatosha. Shati, mara mbili. Soksi, kila siku, hata mutu muvivu anabadilisha soksi. Ukifua kupita pale watu wenye macho watajua.”

“Mama, umejulia wapi?”

“Bwana yangu alikufa miye nikiwa na mimba. Niliweka pantalo yake kwa kamba mpaka ikachanika. Mutoto wangu akakomaa, akavaa zake, ndiyo nikaacha.” Akasimama, akachukua kigoda chake. “Lakini yako atarudi. Ile ya kwangu nilikuwa najua harudi.”

Nilifuata maneno yake. Nilimpangia mume wangu maisha: suruali Jumatatu, shati katikati ya juma na lingine Jumamosi. Hata mkubwa wa mtaa alisadiki. Siku ya salongo, kila nyumba inapotoa mtu wa kufagia njia na kuzibua mifereji, alisimama mbele ya kamba yangu na kuniuliza:

“Mama, shati ya papa tunaionaka. Yeye mwenyewe hatumuonaka. Juu ya nini?”

“Ana homa, papa. Hatoki nje.”

Nilichukua jembe nikaenda kwa niaba yake.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni kile nilichokigundua nikikunja nguo. Nilileta shati la bluu puani kama nilivyozoea, na halikunuka mazuti. Halikunuka mtu. Ilikuwa sabuni tu. Ile harufu niliyoilalamikia miaka yote, nilikuwa nimeitoa kwa mikono yangu mwenyewe, na hapakuwa na nguo nyingine ya kuitafutia. Nilikaa kitandani na lile shati mapajani mpaka mvua ikaanza kupiga bati.

Alirudi alasiri moja ya manyunyu, juu ya mzigo wa kamio ya mtu mwingine. Amekonda, amenyolewa kichwa, amevaa shati kubwa alilopewa na masista waliomuuguza. Injini iliwafia msituni; walipokuwa wanangoja kipande cha kuitengeneza, daraja likakatika; walipokuwa wanangoja daraja, yeye akashikwa na homa ya tumbo. Alituma salamu kwa dereva mmoja. Hazikunifikia. Alinieleza hayo yote akiwa amesimama mlangoni, kama mgeni anayeogopa kukanyaga ndani. Nilimpashia maji ya kuoga, nikamwekea nguo kitandani.

Alipotoka kuoga, alishika shati la bluu na kulitazama. Halikuwa bluu tena. Jua na sabuni vililifanya rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.

“Nani alikuwa anavaa hii shati?”

“Hakuna mutu.”

“Hakuna mutu, na imeisha hivi?”

Nilimweleza: muuza makala, kamba, majivu. Nilivyokuwa naeleza, nilisikia mwenyewe jinsi yalivyofanana na uongo. Alinisikiliza hadi mwisho, akavaa lile shati la masista, akatoka kwenda kusalimia mtaa.

Hakufika mbali. Nilimsikia mkubwa wa mtaa akimwita kwa furaha toka ng’ambo ya njia:

“Papa! Umepona? Mama alituambia una homa. Siku zote hizi uko mu nyumba, hautoki hata kidogo!”

Mume wangu alirudi ndani. Ugali niliomsongea ulipoa. Alitandika mkeka upande wa pili wa chumba na kulala akiangalia ukuta.

Jirani yangu, ambaye angeweza kunisemea, alikuwa amekwenda Bukavu kwenye matanga ya dada yake. Hivyo tulikaa wawili. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniambia “asante” nilipompa maji, kama mtu anavyomwambia mwenye hoteli. Miezi yote ile nilidhani nimeujua upweke. Kumbe nilikuwa sijaonja ule wa kupika kwa ajili ya mtu aliyekaa pale pale na hayupo. Nilirudi kufua, maana hakukuwa na kingine cha kufanya. Maji yalitoka meusi, kutoka kwenye shati la masista, na hata hilo halikunifurahisha.

Siku aliyoitwa na tajiri wake kwenda kuangalia kamio nyingine, alihitaji nguo ya heshima. Alivaa suruali ya kaki. Nilikuwa nikifagia. Nikaona amekaa ukingoni mwa kitanda, hajafunga hata mshipi, anajipapasa magoti. Akasimama, akashika kitambaa cha makalioni, pale ambapo kiti cha kamio hula suruali ya kila dereva. Kilikuwa kizima. Akachukua shati la bluu, akaenda nalo dirishani, akaigeuza kola ndani nje. Rangi ilikuwa imeondoka, lakini ukingo wa kola haukuwa na uzi hata mmoja uliokatika. Hakuna shingo iliyowahi kuusugua. Viwiko, vivyo hivyo.



“Ulikuwa unaifua mara ngapi?” akauliza, bado amenipa mgongo.

“Mwanzo kila siku. Kisha mara mbili kwa juma.”

“Juu ya woga?”

“Mwanzo, woga.”

“Na kisha?”

“Kisha ndiyo ilikuwa kazi ya kukufanyia iliyonibakia.”

Aliligeuza shati tena, akalivaa. Jioni yake alikula. Mkeka aliukunja mwenyewe na kuuegemeza ukutani. Neno la kuomba radhi hakulisema, wala sikumdai. Mume wangu hakuwa mtu wa neno hilo. Lakini alikwenda kwa mkubwa wa mtaa, na mbele ya watu akasema hakuwa na homa Goma, alikuwa Walikale, huko msituni, anakufa, na mke wake alibaki peke yake. Muuza makala hakupita tena kwetu.

Aliposafiri tena, nilianika vitenge vyangu tu. Aliyeuliza nilimjibu, “Hayuko, ameenda Kisangani.” Yule mama wa kanisani akamleta binti yake alale kwangu, na jirani yangu alipotoka Bukavu akawa ananigongea kila jioni na mikate iliyobaki. Nilishangaa ilivyokuwa rahisi.

Baadaye tulihamia mji mdogo wa Kiwanja, akaacha kamio, akalima. Tuliishi vizuri, na watoto Mungu alitupa. Ila zile siku za mkeka hatukuzizungumza kamwe. Mara nyingine, tukiwa tumekaa pamoja, niliona ananitazama kama anayetaka kuuliza jambo, halafu akageuka na kuulizia chakula. Nami nikainuka kumpakulia.