Yesu Aliyevaa Buti

Mimi hukusanya picha za vita. Si za magazetini wala za kwenye simu, hizo sizitaki. Nataka zile za kale, ambazo fundi alichonga mstari kwa mstari kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, kisha akaligandamiza kwenye karatasi. Watu wakisikia hivyo hudhani mwalimu mstaafu wa historia ameanza kuchanganyikiwa. Wadhani tu, hawanipunguzii kitu.

Ya kwanza niliipata stendi ya Mbinga, imefungiwa maandazi. Kumbe nyumba moja ya misheni ilikuwa imesafisha maktaba yake, na kitabu kikubwa cha vita vya Wazungu kikaishia kwenye beseni la muuza maandazi. Nikanunua maandazi yote, nikaomba na karatasi zilizobaki. Yule dada akaniangalia. "Mwalimu, leo una wageni wangapi?" Nikamwambia jeshi zima.

Tangu hapo nimezipata huku na kule: kwa sista mmoja mzee Litembo, kwa wauza vitabu vikuukuu Songea, nyingine kwa mtu aliyekuwa amezibia dirisha. Nazilaza katikati ya kalenda za zamani pamoja na majani makavu ya tumbaku, wadudu wasizile. Nina pia kioo cha kukuzia. Mume wangu akinikuta nimeinama mezani hukohoa na kusema, "Mama, wenzako wanakusanya vikombe." Kisha anaenda zake shambani kwenye kahawa.

Sasa niseme kwa nini. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa askari. Alikwenda kulinda amani nchi ya jirani, akarudi kwenye jeneza. Afisa aliyelileta alikuwa na adabu sana, alituomba tusilifungue. Huku kwetu maiti huagwa, watu hupita mmoja mmoja wakimwangalia uso. Sisi tulipita tukaangalia bendera. Wanawake walilia mpaka wengine wakashikiliwa. Mimi nilikuwa nawaza kama ugali utatosha. Sikulia siku ile, sikulia arobaini, wala mwaka ulipotimia. Si kwamba najikaza. Hakuna kitu. Ni ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya kanisani.

Ndiyo maana ya picha. Mafundi wale walimaliza ustadi wao wote kwenye farasi wa jenerali. Walioanguka waliwekwa chini, pembeni, na karibu wote wamegeuzia uso ardhini au wamefunikwa na mkono wa mwenzao. Nimewapitia kwa kioo mmoja mmoja. Nilitaka mmoja tu aliyelala chali, mwenye uso, nimtazame nione kama kitu kitashtuka ndani yangu.

Kwaresima iliyopita, mama mmoja anayeuza dagaa sokoni alinikuta nachambua karatasi zangu. Kwao ni ufukweni, ziwani. Akachungulia, akacheka. "Mwalimu, kule kwetu tuna Yesu kavaa buti." Nikadhani ananitania. Akaapa. Jumuiya yao wakifanya Njia ya Msalaba hutembea nyumba hadi nyumba wamebeba picha kumi na nne. Ya kumi na tatu, Yesu ameshushwa msalabani na mama yake amempakata, ililiwa na mchwa zamani. Katekista wa wakati ule akaokota nyingine kwenye makaratasi ya misheni: mama amempakata kijana aliyekufa, nyuma wamesimama askari. Si hata Kalvari askari walikuwepo? Ikapita. Baadaye sana ndipo watoto wa mafundisho wakaona buti, na bunduki.

"Na uso?" nikamuuliza.

"Unaonekana wote. Kijana mzuri."

Ijumaa nikapanda hiace ya kuteremka ziwani. Mapajani nimepakata picha mpya ya kituo hicho hicho, ya rangi, yenye fremu, kutoka duka la vitu vya kanisa. Maneno nilikuwa nimeshayapanga: nawapa Yesu wa kweli, nipeni askari wangu.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa bibi mwembamba, nilimkuta anaanua dagaa kwenye chanja. Nikamwamkia shikamoo, nikatoa hoja yangu. Mikono yake haikusimama.

"Imefungwa kwenye khanga mpaka zamu yake kwenye sala," akasema. "Hayo mengine tutaongea baadaye. Wewe una watoto?"

"Wamebaki wawili."

"Umezika?"

"Mmoja."

"Basi leo utaishika wewe. Ile hushikwa na mama aliyezika mtoto."

Nikaona mambo yamenyooka. Ningeshika, ningetazama, ningejua moja.

Tulianza saa tisa, jua kali, mchanga unaunguza. Tulipofika kituo cha kumi na tatu bibi akafungua khanga, akanikabidhi picha ameielekeza kwa watu. Ndivyo inavyoshikwa: mgongo wa picha kifuani kwako, uso kwa wanaosali. Mwenye kuishika haoni kitu. Nilipewa ubao wa nyuma, na msumari ulionichoma kidole. Jamani, hasira zilinipanda! Nimetoka Mbinga kuja kushika mgongo wa picha! Wote mbele yangu wanamtazama yule kijana, mimi nawatazama wao.

Bibi akaniuliza kwa sauti ya sala, "Mama nani?"

Hilo sikuwa nimeambiwa. Tangu mazishi, watu Mbinga waliacha kuniita kwa jina la mtoto. Ni huruma, najua. Wote wakahamia kwenye Mwalimu, mume wangu akabaki na Mama tupu, na mimi nikaanza kumwita Mzee. Jina likaondoka nyumbani kwetu bila mtu kulifukuza. Wale wanawake wakasubiri. Nikalitaja, ikatoka hewa. Nikalitaja tena.

Wakaitikia wote pamoja, "Pole, Mama," na jina lile, kwa vinywa vya watu ambao hawakumjua kabisa. Nikakaa chini mchangani. Nililia vibaya, kwa kelele, kamasi na kila kitu, na hakuna aliyeninyamazisha. Mmoja akanipokea picha isianguke. Walipoimba kuelekea kituo cha mwisho mimi nilikuwa bado chini.

Ningeweza kuomba niitazame baadaye. Sikuomba, wala habari ya kubadilishana sikuigusa tena. Ile ya rangi niliisahau kwenye benchi la mtu.

Kesho yake nilimkuta mume wangu anapalilia kahawa.

"Umeiona?"

"Sikuiona," nikamjibu, na nikamwita Baba kwa jina la mtoto wetu.

Jembe likasimama. Bado ameinama, akaniomba nimwite tena.