Mtani Haulizwi Kitambulisho

Miaka sita Generoza alikuwa akiingia kambini kila asubuhi akiwa amevaa gauni, huku watu wengine wote wakiwa wamevaa kombati. Yeye alikuwa mtumishi raia, mtaalamu wa usalama wa kambi. Kazi yake ilikuwa kukagua makufuli, uzio, taa na vibali vya wageni, kisha kuandika wapi mtu mbaya angeweza kupenya. Askari walimwita Mama Innocent mbele yake, na Mama Kufuli akishapita. Yote mawili aliyasikia, na yote mawili aliyaitikia.

Kazi hiyo hakujifunzia chuoni tu. Alikulia Nyarugusu, ambako baba yake alilinda duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na hakuna mtu anayelinda kitu kwa wasiwasi kama mlinzi wa duara lililotoa dhahabu. Baba yake alizungushia miba, akafuga mbwa wawili, akalala na panga. Mawe yenye dhahabu yakaibwa vilevile. Mwizi, ilikuja kujulikana, alikuwa akipita mlangoni na sahani ya ugali, anamsalimia mzee, anamhadithia habari za msiba, anatoka na mawe chini ya sahani. Toka hapo Generoza alijua kwamba wezi wengi hawaruki ukuta. Wanaingia mlangoni wakicheka.

Mwezi wa tano akaja mkuu mpya wa kikosi, Luteni Kanali Kudra, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa. Siku ya tatu akamwita Generoza ofisini. Mkataba wake ulikuwa juu ya meza, umebakiza wiki mbili.

"Mama, mimi nina askari mia kadhaa waliosomea ulinzi," alisema. "Wewe unafanya nini ambacho wao hawawezi?"

"Naona tundu ambalo wao hawalioni, mkuu."

"Haya. Nionyeshe moja. Una siku saba. Ukilikosa, nitaandika kwamba nafasi hii haihitajiki, na wala usinichukie."

Generoza alitoka akihesabu siku. Mume wake, Samwel, alikuwa mwalimu Buseresere, na kwa miaka sita nyumba yao ilikuwa imekaa kwenye mishahara miwili kama chungu juu ya mafiga. Alianza na uzio. Aliuzunguka wote kwa miguu, akagusa kila nguzo. Uzio ulikuwa mzima. Makufuli yalikuwa mazima. Taa zote ziliwaka. Siku ya tano alikaa chini ya tangi la maji akajikuta anaombea kambi iwe na ubovu kidogo tu, halafu akaona aibu, akafanya ishara ya msalaba.

Akiwa palepale alimwona Koplo Edward getini. Edward alikuwa mlinzi wao bora kuliko wote. Wiki iliyopita tu alimrudisha diwani aliyesahau kitambulisho nyumbani, diwani akafoka mpaka kofia ikaanguka, Edward akamwokotea kofia na bado akamrudisha. Hata Generoza, ambaye walinywa chai pamoja saa nne, kesho yake asubuhi aliambiwa, "Kitambulisho, Mama Innocent." Sasa alikuwa akitaniana na fundi bomba, fundi Msumbwa, yeye Mngoni. Wakapigana mabega, wakacheka, fundi akapita. Kadi haikutolewa.

Generoza akasimama. Moyo ulimdunda kama mtu aliyeona rangi ya dhahabu kwenye karai.

Jioni ile alimpigia simu wifi yake, Serafina, dada wa Samwel, aliyekuwa akiuza michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni Segese. Serafina alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mwenye mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Kambini hakuwahi kukanyaga.

"Wifi, unataka niliibie jeshi?" Serafina aliuliza.

"Nataka uingie tu. Ukifika kwenye ghala, weka mlangoni kibao nitakachokupa, rudi."

"Na wakinipiga risasi?"

"Kapteni Damian, afisa wa zamu, atajua kila kitu. Yeye na mimi tu."

"Basi nitavaa kitenge kipya," alisema Serafina. "Nikifa nife nimependeza."

Siku ya saba, saa tatu asubuhi, alishuka kwenye bodaboda na beseni la michembe kichwani. Chini ya michembe kulikuwa na kibao cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu na kuandikwa: NIMEFIKA SALAMA. Generoza alijibanza kwenye dirisha la chumba cha walinzi, daftari mkononi.

"Simama hapo, mama," alisema Edward. "Kitambu..."

"Hebu subiri. Lafudhi hiyo ni ya wapi? Songea?"

"Peramiho."

"Mama yangu! Mngoni!" Serafina alipiga vigelegele. "Wasumbwa wenzangu, njooni muone, mateka wetu kapewa bunduki!"

Ikumbukwe kwamba zamani Wangoni walifika hadi nchi ya Wasumbwa na mikuki, wakapigana vikali, na vita vilipokwisha pande zote mbili hazikubaki na chuki bali utani. Mtani hakasirikiwi. Mtani hufika hata msibani akakaa juu ya jeneza mpaka apewe chochote. Edward aliyajua hayo tangu ananyonya, na uso wake wote ukafunguka.

"Mateka nani? Babu zangu walikuja kwenu kwa miguu, babu zenu wakapanda juu ya miti. Wengine hawajashuka mpaka leo."

"Walipanda kuficha panya! Tuliambiwa mnakula mpaka mkia."

Askari wa pembeni akaegemea ukuta kwa kicheko.

"Na humo kwenye beseni kuna nini, mtani?"

"Michembe. Wewe huwezi kula, haina manyoya."

"Lete hilo beseni nikubebee. Shingo yako inazidi kuingia kifuani, kesho tutakosa pa kukutukania."

Akambebea. Mlinzi bora wa kambi alibeba beseni mpaka njia panda ya maghala, akamwonyesha jikoni kwa kidole, akarudi zamuni anafuta machozi ya kucheka. Generoza aliandika saa na dakika. Alipaswa kufurahi, na kweli alifurahi, lakini si kwa moyo wote, kwa sababu aliyenaswa alikuwa Edward.

Serafina aliweka kibao mlangoni pa ghala. Kisha, badala ya kurudi, alitazama kushoto na kulia, akaikazia macho ofisi yenye bendera, akaelekea huko. Generoza alitupa daftari akakimbia. Hakuwa amekimbia tangu amzae Innocent.

Alipofika mlangoni akihema, Serafina alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, na Luteni Kanali Kudra, yule wa maneno machache, alikuwa akicheka huku ameshika kipande cha mchembe.

"... na babu zenu walipopita kwetu na mizigo ya pembe," alikuwa akisema, "waliogopa bahari wakidhani ni mbuga imechanganyikiwa!"

"Na nyie mlikuwa mmelala kwenye mikeka mnangoja ngoma ianze! Hata leo Mzaramo akiuza shamba, ananunua spika."

"Mkuu," alisema Generoza. "Huyu mama ameingiaje?"

"Ah, Mama Innocent! Huyu ni mtani wangu, anatoka..." Akamtazama Serafina. Akautazama mchembe. "Mama, unaitwa nani?"

"Mpaka sasa hakuna aliyeniuliza," alisema Serafina. "Ila nenda kaangalie mlango wa ghala lako. Pole, Mzaramo. Umekamatwa unatafuna."

Kapteni Damian ndiye aliyeleta kibao. Mkuu alikisoma mara mbili, na kila kicheko kikamtoka usoni.

"Nani yuko getini?"

"Koplo Edward, mkuu."

"Mahabusu. Siku saba."

Mkataba ulikuwa palepale mezani, na kalamu juu yake. Generoza aliutazama. Alikuwa ameleta tundu aliloombwa. Angeweza kunyamaza, ukasainiwa, akaenda zake kunywa chai.

"Sawa, mkuu. Ila wakati huo mahabusu waweke vitanda viwili."

Kapteni Damian alikazia macho dari. Serafina alisogeza beseni lake chini ya kiti.

"Unasema?"

"Edward hajalala zamuni, mkuu, wala hajapokea rushwa. Alimrudisha hata diwani. Mama huyu hakumrudisha kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri hamwambii mtani wake 'toa kitambulisho.' Ni kama kumwambia humjui. Na wewe mwenyewe hukuweza. Tundu haliko kwa Edward. Liko kwetu sote. Ukimfunga yeye, kesho litakuwa palepale na mlinzi mwingine."

Mkuu alikigeuzageuza kibao mezani. Nje mtu alikuwa akifagia kokoto, na ufagio ulisikika mpaka kwenye kona.

"Niandike amri ya kukataza utani?"

"Hapana, mkuu. Watatania kwa kunong'ona, na hapo hata mimi sitasikia."

"Sasa?"

Hilo Generoza hakuwa amelifikiria mpaka mwisho. Aliomba Edward aitwe. Edward aliingia, akapiga saluti, akamwona Serafina kitini, akaelewa, akawa wa rangi ya majivu. Alipoulizwa mlinzi afanyeje mtani akija getini, alifikiri kidogo.

"Afande, kadi ina jina la ukoo," alisema polepole. "Na kijiji. Nikiisoma kwanza, namtukana mtani mpaka kwa babu yake, kwa jina. Utani unanoga zaidi. Mtani wa kweli atatoa mwenyewe kadi yake, ili asitukanwe kwa jumla tu."

Serafina aliguna, kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kadi, akamkabidhi. Edward aliisoma kwa sauti, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho.

"Ehee," alisema. "Kumbe ndio nyinyi."

Mkuu alijaribu kujizuia, akashindwa, akageukia dirishani mabega yakimcheza. Alipogeuka tena alikuwa amerudi kuwa luteni kanali. Adhabu ya Edward akaifanya kuwa wiki nzima ya kuwafundisha walinzi wote, zamu kwa zamu, namna ya kutania na kadi mkononi. Kisha akavuta mkataba, akaandika mistari miwili, akasaini, akausukuma kuelekea upande wa Generoza.

Generoza aliusoma akiwa amesimama. Nafasi inahitajika, mkuu alikuwa ameandika. Miaka mitatu. Na chini yake, kwa herufi ndogo: mtaalamu aangalie pia ofisi ya mkuu wa kikosi, ambayo haina ulinzi wowote dhidi ya Wasumbwa.