Mkono wa Mama Mkubwa kwenye Video ya Baba

Hili sijamwambia mtu yeyote: mimi ndiye niliyemkata Mama Mkubwa kwenye video ya Baba, na nilimkata nikijua.

Ni video ya mwisho ya Baba akiwa hai, nyumbani Kendu Bay. Ilipigwa kwa upana. Baba ameketi katikati. Mama Mkubwa, mke wake wa kwanza, yuko kulia kwake. Mamangu yuko kushoto.

Leo nilitaka kuiweka wima, ijae kwenye simu, kwa ajili ya ukumbusho wake.

Nikiivuta iwe kubwa, uso wa Baba unaingia ukungu. Nikikata pembeni tu, anabaki safi kabisa, hata mvi unaziona. Lakini nafasi inatosha watu wawili.

Nikasogeza fremu upande wa mamangu.

(Ninyi mngefanyaje? Semeni ukweli.)

Jioni Mama Mkubwa akaomba kuiona. Alitabasamu, kisha akagusa kioo. Mkono wake ulikuwa umebaki kwenye goti la Baba.

"Huu ni mkono wangu. Mimi niko wapi, nyathina, mwanangu?"

"Simu imekata, Mama."

"Simu hizi hazijui watu," akasema, akanipangusa machozi. Alidhani namlilia Baba.

Nimeirudisha kwa upana. Juu na chini ni weusi mtupu, na watu wamekuwa wadogo, lakini wote watatu wapo. Nimemtumia.

Amenijibu sasa hivi: "Asante kwa kunitafuta."

Tafadhali, msimwambie.